Seva ya mchezo sebuleni: Luanti ndani ya kontena, kwa kompyuta kuukuu na bila bando

Likizo moja ya Desemba, hapa Nkuhungu, Dodoma, watoto saba walikaa barazani kwangu, kila mmoja na simu, kila mmoja na dunia yake peke yake. Mmoja anajenga ngome, mwingine anachimba, na hakuna anayemwona mwenzake. Kabla ya adhuhuri bando la wawili lilikuwa limeisha kwa sababu walijaribu kukutana kwenye seva iliyoko Ulaya. Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, sasa si tuko nyumba moja? Mbona mpaka tuzunguke huko?"

Swali lake ndilo mwongozo huu. Simu saba zilizo kwenye Wi-Fi moja hazihitaji intaneti ili zionane. Zinachohitaji ni kompyuta moja ya kuishikilia hiyo dunia ya mchezo, na ile laptopu yenye kioo kilichopasuka kabatini inatosha.

Mchezo niliouchagua ni Luanti. Wengi wanaujua kwa jina la zamani, Minetest; ulianzishwa na Perttu Ahola wa Finland mwaka 2010 na ukabadilishwa jina Oktoba 2024. Ni wa kujenga na kuchimba kwa matofali, ni programu huria, na simu za Android zinaupata bure. Sikuchukua Minecraft kwa sababu mbili: kila mtoto angehitaji akaunti ya kulipia, na seva yake ya Java inakula RAM kama ng'ombe wa kiangazi aliyefunguliwa shambani. Seva ya Luanti kwa watoto saba nimeiona ikitumia kati ya MB 300 na 500.

Kwa nini kontena

Ungeweza kusakinisha seva moja kwa moja kwenye kompyuta na mambo yakaenda. Mimi nilianza hivyo. Baada ya wiki tatu nilikuwa na faili za modi (nyongeza za mchezo) zimetapakaa kila mahali na sikukumbuka nilibadilisha nini wapi.

Kontena ni chumba chenye kufuli ndani ya nyumba ileile. Lina mfumo wake wa faili, programu zake na anwani yake ya mtandao, lakini linatumia kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, ya mwenye nyumba. Halihitaji kuwasha mfumo mzima wa pili kama inavyofanya mashine pepe, ndiyo maana linaamka kwa sekunde chache hata kwenye mashine yenye GB 4 za RAM. Na kwa Incus, programu ya kuendesha kontena ambayo ndiyo tutakayotumia, kontena la kawaida halina mamlaka juu ya nyumba: mtumiaji mkuu wa ndani ya kontena, akitazamwa kutoka nje, ni mtumiaji asiye na cheo chochote.

Ila sababu yangu kubwa si usalama. Watoto wakiharibu dunia, au mimi nikiharibu kwa modi mbovu, nalirudisha kontena zima kama lilivyokuwa jana kwa amri moja.

Kuandaa mashine

Laptopu iwe na mfumo wa Linux: Debian 13, au Ubuntu kuanzia 24.04. RAM ya GB 4 inatosha. Kama una pesa ya kubadilisha kitu kimoja tu, weka SSD, yaani diski isiyozunguka. Diski ya kuzunguka inafanya watoto wakimbie mbele ya ramani na kubaki wakining'inia hewani wakisubiri ardhi.

Betri ya laptopu, hata ikiwa imechoka na inashika dakika ishirini, usiitoe. Hiyo ndiyo inakupa muda umeme ukikatika. Ruta haina betri, kwa hiyo umeme ukienda seva inabaki hai huku watoto wote wametupwa nje. Kama ruta yako ni ya volti 12, vile vibetri vidogo vya kuweka kati ya adapta na ruta vinasaidia. Hakikisha tu volti zinalingana na zilizoandikwa chini ya ruta.

Halafu vumbi. Mwenye kukaa Dodoma kiangazi haambiwi. Laptopu ikikaa sakafuni karibu na mlango, baada ya miezi miwili feni inalia kama mashine ya kusaga na kompyuta inajipunguzia kasi kwa joto. Iweke juu ya meza, matundu yakiwa wazi, na uipulize kila mwezi. Usiifunike kitambaa "isipate vumbi". Nimeona mtu akifanya hivyo na akaipika.

Sasa iambie isilale ukifunga mfuniko. Fungua /etc/systemd/logind.conf, weka mstari huu, kisha uwashe upya kompyuta:

HandleLidSwitch=ignore

Ingia kwenye ukurasa wa ruta yako na uipe laptopu anwani isiyobadilika. Katika mifano yangu anwani hiyo ni 192.168.1.50, yako itategemea ruta. Ukiruka hatua hii, siku ruta itakapozimika na kuwaka itagawa anwani upya, na utaitwa kutoka jikoni kuja kueleza kwa nini "seva imekufa".

Kusimika Incus na kuumba kontena

Incus ilizaliwa mwaka 2023 kama tawi la LXD, programu ya kontena iliyoitangulia, na sasa imo ndani ya hazina ya programu za Debian yenyewe:

sudo apt update
sudo apt install incus
sudo adduser $USER incus-admin

Toka kwenye akaunti kisha uingie tena ili kikundi kipya kikutambue. Halafu:

incus admin init --minimal
incus launch images:debian/12 mchezo

Amri ya pili inapakua taswira ya Debian 12, kama MB 100 hivi, na bado kuna vifurushi vya mchezo vitakavyofuata. Kama una bando la usiku, fanya usiku. Hii ndiyo sehemu pekee ya kazi nzima inayohitaji intaneti, ukiacha masasisho ya baadaye.

Debian 12 ndani ya 13? Ndiyo, kwa makusudi. Kifurushi cha seva kwenye Debian 12 bado kinaitwa minetest-server, nimekizoea, na simu zenye Luanti ya matoleo ya 5 zinaelewana nacho.

Lipe kontena mipaka yake na uliambie liwake pamoja na kompyuta:

incus config set mchezo limits.memory=1GiB limits.cpu=2
incus config set mchezo boot.autostart=true
incus list

Orodha itakuonyesha jina, hali na anwani ya ndani, mfano 10.77.14.20. Kama nafasi ya anwani iko tupu, karibu kila mara ni ukuta wa moto wa kompyuta yako. Mwenye kutumia ufw kama ukuta wa moto anahitaji mistari hii mitatu:

sudo ufw allow in on incusbr0
sudo ufw route allow in on incusbr0
sudo ufw route allow out on incusbr0

Na kama Docker, programu nyingine ya kontena, imo kwenye mashine hiyohiyo, ujue inafunga njia za kupitisha data za wengine. Kontena litapata anwani lakini halitatoka nje. Mimi niliiondoa Docker. Laptopu ya baraza haihitaji mabwana wawili.

Seva yenyewe

Ingia ndani ya kontena:

incus exec mchezo -- bash

Ukiwa ndani:

apt update
apt install minetest-server nano
timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

Usidharau mstari wa mwisho. Kontena jipya linahesabu saa za UTC, yaani liko nyuma yetu kwa saa tatu. Siku ya kwanza mtu alipobomoa nyumba ya mwenzake saa kumi jioni, nilipekua logi (kumbukumbu za seva) kuanzia 16:00 nikakuta kimya. Kisa kizima kilikuwa kimeandikwa saa 13, na nilikuwa nimeshamkaripia mtoto asiyehusika.

Mipangilio iko /etc/minetest/minetest.conf. Fungua kwa nano, na uhakikishe haya yamo:

port = 30000
name = mjomba
server_name = Baraza la Nkuhungu
motd = Usibomoe usichojenga.
max_users = 10
server_announce = false
disallow_empty_password = true
max_block_send_distance = 8
active_block_range = 2

Mstari wa name unasema nani ni mkuu wa seva: atakayeingia kwa jina hilo anapata mamlaka yote. Kwa hiyo wewe uwe wa kwanza kuingia kwa jina hilo na kuliwekea nenosiri, kabla hujamwambia mtoto yeyote kwamba seva ipo. Watoto wanasoma haraka kuliko unavyodhani.

Mistari miwili ya mwisho ndiyo inayoiokoa laptopu kuukuu. Wa kwanza unapunguza umbali wa ramani unaotumwa kwa kila mchezaji. Wa pili unapunguza eneo linalohesabiwa kuwa hai, kule ambako mimea inakua na maji yanatiririka. Kompyuta ikiwa na nguvu, pandisha taratibu. server_announce ikibaki false, seva haitangazwi kwenye orodha ya dunia nzima.

Washa na uangalie:

systemctl enable minetest-server
systemctl restart minetest-server
systemctl status minetest-server

Logi ziko /var/log/minetest, na dunia yenyewe inakaa chini ya /var/games/minetest-server, ndani ya folda iliyofichwa inayoanza na nukta. Kama huioni, find / -name map.sqlite itakupeleka moja kwa moja. Faili hilo moja ndilo dunia nzima: kila tofali, kila shimo.

Mlango, na kosa langu kubwa

Kontena liko nyuma ya daraja la Incus, simu ziko kwenye Wi-Fi, na hazionani mpaka ufungue mlango. Maelekezo mengi yatakupa mstari huu:

incus config device add mchezo mlango proxy listen=udp:0.0.0.0:30000 connect=udp:127.0.0.1:30000

Unafanya kazi. Niliuandika, watoto wakaingia, furaha ikatawala mpaka Jumamosi. Jumamosi mmoja wao akamwaga lava juu ya kijiji, nami nikaandika /ban na jina lake. Yeye akatoka. Papo hapo na wengine wote wakatupwa nje, na mmoja aliyejaribu kurudi akakataliwa. Halafu wa tatu. Mwisho nikajaribu mimi mwenyewe, na mimi nikakataliwa kwenye seva yangu.

Chanzo ni hiki: /ban ya Luanti haifungii jina, inafungia anwani ya mtandao. Na mlango wa namna ile unapokea data na kuituma upya kwa niaba ya kila mtu, kwa hiyo seva inaona wachezaji wote wanatoka 127.0.0.1. Kumfungia mmoja ni kufungia ukoo mzima. Ili kujinasua nilisimamisha seva, nikafungua ipban.txt kwenye folda ya dunia, nikafuta mstari ule, nikawasha tena.

Njia sahihi ni mlango wa NAT, ambao unahifadhi anwani halisi ya kila simu. Unataka kontena liwe na anwani ya kudumu. Toka ndani ya kontena kwa exit, kisha tumia anwani uliyoiona kwenye incus list:

incus config device override mchezo eth0 ipv4.address=10.77.14.20
incus restart mchezo
incus config device add mchezo mlango proxy nat=true listen=udp:192.168.1.50:30000 connect=udp:10.77.14.20:30000

Kama ulishaweka ule wa kwanza, uondoe kabla: incus config device remove mchezo mlango. Na angalia kila mahali pameandikwa udp. UDP na TCP ni namna mbili tofauti za kutuma data, na Luanti haitumii TCP kabisa, kwa hiyo mtu anayejaribu mlango kwa telnet, ambayo ni ya TCP, ataambiwa umefungwa wakati uko wazi.

Siku hizi simfungii mtoto kwa /ban hata kidogo. Naandika /revoke na jina lake likifuatiwa na interact: anabaki ndani, anatembea, anaongea, lakini mikono yake haigusi kitu. Anakaa kutazama wenzake wanajenga. Baada ya nusu saa namrudishia kwa /grant. Inafundisha kuliko kufukuza.

Simu zinaingia

Kwenye simu, fungua Luanti, nenda kwenye sehemu ya kujiunga na mchezo, andika anwani 192.168.1.50, poti 30000, jina na nenosiri.

Hapa ndipo Android inapoleta ujanja. Kama ruta yako ni ya laini na bando limeisha, simu inagundua kwamba Wi-Fi haina intaneti na inahamia data ya laini yake kimyakimya. Mtoto anaona alama ya Wi-Fi juu ya kioo, anajaribu, anaambiwa muda umeisha. Zima data kwenye simu, na swali la kubaki kwenye mtandao usio na intaneti likitokea, jibu ndiyo. Trafiki kati ya simu na laptopu haipiti kwenye laini ya ruta, haili hata megabaiti moja ya bando. Jirani yangu hakuamini hilo mpaka tulipoichomoa laini kwenye ruta na mchezo ukaendelea.

Simu moja ikigoma wakati nyingine zimeingia, tazama kama haijaunganishwa kwenye Wi-Fi ya wageni. Ruta nyingi zinazuia wageni wasionane wao kwa wao wala na vifaa vya ndani.

Modi

Usijaze modi. Anza na moja tu, ile ya kulinda majengo, kwa sababu ndiyo inayopunguza kesi. Ndani ya kontena:

apt search minetest-mod
apt install minetest-mod-protector

Kisha ongeza mstari huu kwenye world.mt, faili lililo pembeni ya map.sqlite, seva ikiwa imesimama:

load_mod_protector = true

Mchezaji akiweka jiwe la ulinzi, wengine hawawezi kuchimba wala kujenga kulizunguka bila ruhusa yake. Kwangu kelele zilipungua siku hiyohiyo, ingawa palizuka aina mpya ya ugomvi: mmoja alizungushia mawe kisima cha pamoja. Kuhusu hilo programu haina jibu, waliitisha kikao.

Nakala

Kabla ya kugusa modi yoyote, piga picha ya kontena:

incus snapshot create mchezo kabla-ya-modi

Mambo yakiharibika:

incus snapshot restore mchezo kabla-ya-modi

Tulianza na --minimal, kwa hiyo hifadhi yako ni folda ya kawaida, na kila picha inanakili kontena zima. Usiweke kumi. Mwenye kupanga diski upya achague mfumo wa faili wa btrfs. Huko picha inachukua sekunde na nafasi kidogo sana.

Lakini picha iko kwenye diski ileile. Diski ikifa, vyote vimekwenda. Kila Jumapili mimi hutoa dunia nje na kuiweka kwenye flashi:

mkdir -p ~/nakala
incus exec mchezo -- systemctl stop minetest-server
incus exec mchezo -- tar czf - -C /var/games/minetest-server . > ~/nakala/dunia-$(date +%F).tar.gz
incus exec mchezo -- systemctl start minetest-server

Simamisha seva kwanza, usinakili map.sqlite ikiwa inaandikwa. Nakala ya namna hiyo inaweza kufunguka vizuri leo na kukudanganya siku unayoihitaji.

Kuhamia kompyuta nyingine ni incus export mchezo mchezo.tar.gz huku na incus import mchezo.tar.gz kule. Mtego ni mmoja: kule daraja la Incus lina anwani za familia nyingine, na ile uliyoifunga itagoma. Kabla ya kusafirisha, iondoe pamoja na mlango, halafu uziweke upya ukifika:

incus config device remove mchezo mlango
incus config device unset mchezo eth0 ipv4.address

Binamu aliyeko Singida naye anataka

Hapa ndipo wengi wanapopoteza usiku mzima wakifungua poti kwenye ruta. Ruta ya laini ya simu kwa kawaida haina anwani yake ya umma. Mtandao umeiweka nyuma ya anwani moja pamoja na wateja wengine wengi. Tazama kwenye ukurasa wa ruta: anwani ya upande wa nje ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, acha kuhangaika na poti. Handaki la SSH, yaani kupitisha mchezo ndani ya muunganisho wa SSH, nalo halitasaidia, linabeba TCP peke yake.

Kinachofanya kazi ni mtandao binafsi kama Tailscale au WireGuard. Usakinishe kwenye laptopu yenyewe, si ndani ya kontena, na kwenye simu ya binamu. Laptopu itapata anwani ya pili; ongeza mlango wa pili wenye jina lingine, nat=true, ukisikiliza kwenye anwani hiyo. Hapo sasa bando linatumika, pande zote mbili, na atasikia ucheleweshaji kidogo. Kwa kujenga si tatizo. Kwa kupigana upanga atalalamika.

Saa za kufunga

Shule zilipofunguliwa nilikabidhi ugomvi wa usiku kwa kompyuta. Andika crontab -e, inayofungua ratiba ya amri, kwenye laptopu, si ndani ya kontena, na uweke mistari hii:

0 21 * * 0-4 /usr/bin/incus stop mchezo
0 15 * * 1-5 /usr/bin/incus start mchezo

Jumapili hadi Alhamisi saa tatu usiku kontena linazimwa kwa ustaarabu, dunia ikihifadhiwa kwanza; Jumatatu hadi Ijumaa saa tisa alasiri linafunguka. Wiki ya kwanza walinijia mmoja mmoja, "Mjomba, dakika tano tu." Nikawaonyesha mistari miwili kwenye kioo. Yule mkubwa aliisoma kwa makini, akaniuliza namba 21 maana yake nini, na tangu siku hiyo nenosiri la laptopu nalibadilisha kila mwezi.